Idadi ya Wanufaika

Fomu ina kurasa kumi na nne.
Ukurasa wa tatu, kisanduku cha saba: Idadi ya wanufaika.
Nikamwambia Deolinda, andika mia na arobaini,
hakuna atakayekuja kuhesabu vichwa.
Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta,
akaandika kwa wino usiofutika:
kumi.
Tisa ni sisi, akasema, na wa kumi ni mjukuu wa Graciete,
yule asiyesema na watu
ila akiwa nyuma ya pazia.

Jambo lenyewe ni dogo ukilitazama kutoka barabarani.
Kaskazini mwa Ureno, mji wa viwanda vya uzi vilivyozimika,
nyumba ya kufulia: karo la mawe, paa la vigae,
kijito kinaingia upande huu, kinatokea ule.
Mama zao walifulia humo mashuka ya nusu ya mji
na siri za nusu nyingine.
Kisha zikaja mashine, kila jiko na yake ikinguruma peke yake.
Manispaa ikafunga lango kwa mnyororo.
Paka wakazalia ndani.

Sasa Deolinda anataka kamba zitundikwe tena,
mashuka yaanikwe yakiwa makavu,
taa nyuma yake,
na vivuli vya mikono viwacheze wale waliokuwa wakifua.
Yeye anaita mchezo. Mimi kwenye fomu niliita
uhuishaji shirikishi wa urithi wa kijamii.
Alipousoma akaniuliza nani amekufa.

Jumanne, saa tisa na nusu, ghorofa ya pili.
Waliotutangulia, klabu ya mpira wa magongo,
wale wanaocheza kwa viatu vya magurudumu,
walitoka wakicheka. Nikajua sufuria limekombwa.
Meza ndefu, bendera mbili,
diwani Taveira na kikokotoo chake,
diwani Patacão akitazama saa
kama mtu aliyeacha maharagwe motoni.
Mna dakika kumi.
Kompyuta yangu ikagoma kwenye picha ya kwanza:
paka watatu juu ya karo.

Deolinda hakungoja nipate waya.
Alifungua mfuko wa sokoni, akatoa shuka la kitani,
zito, herufi mbili zimetariziwa pembeni,
akampa Taveira ncha moja, Patacão ncha ya pili.
Shikeni. Vuteni. Siyo hivyo, litagusa sakafu.
Wakasimama, wakavuta.
Jua la dirishani likatosha.
Akaingia nyuma, mikono ikapanda kwenye kitambaa:
sabuni, mgongo ulioinama,
tumbo la msichana ambaye bado hajamwambia mtu,
wanawake wawili wakikamua blanketi moja,
huyu akipinda kulia, huyu kushoto.
Hakutamka neno. Nami nikasikia maji yakimiminika;
kumbe ni karani wa kikao na glasi yake.

Taveira akalikunja shuka vibaya, akarudi kwenye kiti.
Wanufaika kumi tu? Klabu ya magongo ina mia mbili.
Mia mbili hao wana uwanja, akasema Deolinda.
Sisi tuna mnyororo.

Barua ilikuja baada ya wiki sita.
Pesa, hakuna.
Taa, zitafikiriwa katika bajeti ijayo.
Ukurasa wa pili, chini, karibu na muhuri:
manispaa haina pingamizi,
ufunguo uchukuliwe kwa bawabu, siku za kazi, kabla ya saa sita.

Mkono mtupu haulambwi, nikasema,
nikaanza kutunga rufaa kichwani, aya kwa aya.
Deolinda alikuwa ameshavaa koti.

Ufunguo ni mrefu kama kiganja.
Kufuli limeng'ang'ania kutu.
Graciete akalimiminia mafuta ya zeituni, yale yale ya kupikia,
mjukuu wake amesimama kando na tochi aliyoileta bila kuambiwa,
na sisi tukangoja mafuta yaingie,
huku paka wakitukodolea macho kupitia nondo,
kama watu wanaotaka kujua
tumeomba kibali kwa nani.