La Kwako Liko Wapi

Daktari Liesbet alipanda kwetu na madaftari sita
na mizani ya kupimia vichanga
aliyoiviringisha blanketi kama kichanga chenyewe.
Mimi nililipwa kwa siku: Kikechua kwenda Kihispania,
Kihispania kurudi Kikechua.
Ya katikati sikulipwa.

"Muulize jani hili linaitwaje."
Mkunga Ubaldina Tupa alikuwa anamenya viazi.
Hakuinua uso. "Mwambie linaitwa
njoo-kesho-nikishakula."
Nikasema: anafikiri.
Daktari akaandika: anafikiri.

Siku ya tatu jani likapata jina,
siku ya nne likapata jina jingine.
"Asubuhi ni la tumbo, jioni ni la hofu.
Ukilichuma bila kuomba radhi, ni nyasi."
Daktari akapiga mstari chini ya nyasi.

Kule bondeni kuna kituo cha afya:
kitanda cha chuma, taa nyeupe,
na baridi iliyohamia kwenye vigae, haitoki.
Wajawazito hawaendi.
Wizara imeandika barua tatu kuuliza kwa nini.
Daktari alivuka bahari na swali lile lile,
nami jibu nilikuwa nalo tangu nina miaka tisa,
ila mkalimani haulizwi.

Uchungu ulimshika Nieves usiku wa mvua ya mawe.
Ubaldina akafunga kamba kwenye boriti,
akatandika ngozi, akachochea moto wa samadi ya lama.
Daktari akavaa glavu. "Mwambie alale chali."
Nikafungua mdomo,
nikaufunga.
Neno lile nililimeza. Limo humu bado, halijasagika.

Ubaldina akamshika daktari mkono,
akampigisha magoti nyuma ya Nieves,
akamzungushia mikono yake kiunoni mwa mwenziwe:
hapa. Siyo hapo. Hapa.
Kwa hilo sikuhitajika.
Jasho la mmoja lilishuka shingoni mwa mwingine
hata mtoto akateleza, akatua kwenye manyoya, akafoka.

Damu ilipokataa kukoma, daktari alichoma sindano.
Ubaldina alimshikia taa.
"Muulize dawa hii inaitwaje."
Daktari akaitaja. Mkunga akairudia mara mbili,
polepole. Hana daftari.

Kisha kondo la nyuma.
Kwa mazoea, daktari akakunjua mfuko wa plastiki wa manjano.
Eusebio, baba mtoto, alikuwa mlangoni na bakuli la udongo.
Tukautazama ule mfuko, wote, hata mimi,
mpaka ukakunjwa tena, ukarudi mfukoni.

Likaoshwa. Likafunikwa sufu nyekundu.
Likazikwa kando ya jiko, kwenye joto,
mtu asije akatangatanga duniani akitafuta kwao.

"Muulize kama ana mtoto."
Mmoja. Wouter. Miaka kumi na minne.
"Muulize la kwake liko wapi."

Hilo nililifasiri lote, neno kwa neno.
Nje, mawe ya barafu yalikuwa yanayeyuka juu ya bati.
"Sijui," daktari akasema. "Ilikuwa hospitali.
Nadhani walilichoma."

Nikatafuta. Tuna neno la kuchoma viazi,
tuna la kuchoma nyumba ya mwizi,
na tuna lile la kuchoma sadaka, moshi ukipanda mlimani.
Nikachukua la sadaka.
Ubaldina akanigeukia, akaniambia kwa Kihispania,
Kihispania safi, cha mtu aliyekaa mjini:
"Usimpambie."
Siku kumi na moja nilikuwa namfasiria mtu anayesikia.

Akamsogezea daktari kikombe.
Hakikuulizwa jina lake kilichokuwa ndani.

Asubuhi nilimkuta ameketi kwenye ukuta wa mawe,
daftari la sita magotini, jeupe.
"Na lako wewe?" akaniuliza.
Ilikuwa mara ya kwanza.
Nikamwonyesha kwa kidole: pale,
palipokuwa jiko la bibi yangu.
Wizara imejenga choo juu yake.