Dirisha la Bweni la Tatu

Kitabu kilikuwa kimoja, sisi hamsini na wawili.
Kiliingia bwenini ndani ya debe la karanga,
jalada limechunika, jina la mtunzi limeliwa na mende,
na kurasa tisa za mwisho hazipo.
Tulikisoma kwa zamu chini ya blanketi, kwa tochi ya betri mbili:
maiti maktabani, mpelelezi mwenye koti refu,
na muuaji tusiyemjua hadi leo.
Kwandu alisema ni mpishi. Nyabise aliapa ni padri.
Nkwimba wa kitanda cha kumi na tisa hakusema kitu,
alikuwa akichora ufunguo pembeni mwa daftari la hesabu.

Hatukumuuliza.

Usiku ule mwezi ulikuwa bado kuandama.
Wadudu wa ziwa walipanda kutoka majini kama moshi wa tanuri,
wakavuka majabali, wakaivamia taa ya baraza
mpaka mwanga wake ukawa wa chai ya rangi.
Ukifumba mdomo waliingia puani.
Nilisikia, au nadhani nilisikia,
kufuli likijisafisha koo.

Asubuhi kitanda cha kumi na tisa kimetandikwa,
kona zake zimekunjwa kama bahasha.
Dirisha wazi. Pazia liko nje, linapunga.
Mwalimu Mkuu akashika kifua.
Na baba mdogo wa Nkwimba, aliyekuja kumchukua kwa pikipiki mbili,
aliyekwisha kupokea ng'ombe kumi na sita,
akatema mate kwenye maua ya shule.

Tukamngoja mwenye koti refu.
Akaja Koplo Holo kutoka kituo cha Kirumba,
mnene, mwavuli kwapani, kiatu kimoja kikilia,
akaomba chai ya tangawizi kabla ya kuuliza lolote.
Kisha akatuita mmoja mmoja.
"Nilikuwa nimelala."
Vinywa hamsini na kimoja, sentensi moja, kama sala ya jioni.
Hakuiandika.

Alikwenda dirishani, akainama kama mtu anayenusa mboga.
Kizingiti kizima kilikuwa wadudu wafu,
wamelala kama ufuta ulioanikwa,
hakuna hata mmoja aliyepondwa.
"Aliyepita hapa," akajisemea, "alikuwa na mbawa."

Akageukia mlango.
Barazani wadudu walikuwa zulia,
na juu ya zulia, nyayo: za miguu mitupu, na za kandambili,
sambamba hadi getini.
Za kandambili zilirudi.
Matroni Perpetua alisimama karibu na tangi la maji,
funguo kiunoni, akitazama miguu yake
kama mtu aliyeazimwa na sasa anadaiwa.

Bandarini meli ya Nansio ikapiga honi.
Hakuna aliyegeuka. Koplo alikoroga chai isiyo na sukari.

"Zamu ya kufagia baraza ni ya nani leo?"
"Yangu," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ya mtoto wa chekechea.
"Na mpaka saa hizi hujafagia? Shule gani chafu hii!"
Nikafagia. Mama yangu, nilifagia!
Vumbi la mbawa lilinipanda hadi kwenye kope,
na nyuma yangu yeye akapangusa kizingiti kwa mwavuli,
taratibu, kama anayemfuta mtoto makamasi.
Kisha akachana ukurasa mmoja wa daftari lake,
akaandika kwenye uliofuata, akimsomea baba mdogo kwa sauti:
*Ametoka kwa dirisha. Hajulikani alikokwenda.*

Mwaka uliofuata ikaja bahasha inayonuka dagaa,
haina anwani ya mtumaji.
Ndani kurasa tisa, mwandiko wa kulalia kushoto.
Tulizisoma kwa zamu, tochi ileile.
Hakuna mpishi humo, hakuna padri.
Maiti anaamka maktabani, anajipangusa sketi,
anauliza saa ngapi,
na mtu ambaye hakutajwa tangu sura ya kwanza
anamfungulia mlango.