Alhamisi

Limeletwa sanduku jekundu, zito kama tofali,
limefungwa utepe wa hariri:
santuri sita, kijitabu cha picha,
Nerina Cossutta, ukumbi wa Trieste, kipupwe kile,
kila usiku mzima mzima, hata vikohozi havikufutwa.
Bei yake nusu ya pensheni yangu.
Mwanangu kalipa, kawahi treni.

Ya zamani ilikuwa santuri moja tu.
Livio aliijua mikwaruzo yake
kama ngazi za nyumba yetu,
na kila ilipozunguka alinihadithia Alhamisi:
umeme ulikatika, Nerina akavua viatu,
akashuka jukwaani, akaimba gizani bila kipaza sauti,
na yeye, fundi wa tramu mwenye grisi kwenye kucha,
akamwashia kiberiti, kijiti baada ya kijiti,
hadi vidole vikababuka.
Miaka arobaini na mmoja. Kovu alinionyesha mara ngapi!

Leo nimevaa miwani, nikasoma kijitabu.
Jumanne. Jumatano. Ijumaa. Jumamosi.
Chini kabisa, herufi ndogo kama chawa:
Alhamisi mwimbaji alishikwa na homa. Hapakuwa na onyesho.

Nimecheka hadi paka akashuka kitini.
Ewe mwongo wangu,
kovu lile ulilipata wapi,
na usiku ule ulikuwa kwa nani?

Kisha nikaweka Jumatano, mwisho wake kabisa,
pale makofi yamekwisha
na sindano inakwangua kimya.
Nikazima taa. Nikavua viatu.
Nikawasha kiberiti.