Kitasa

Haima, mwezi wa nane, saa saba mchana.
Gari halina jina, lina namba.
Limegandishwa karatasi ya madoa meusi na meupe
ili jicho lisijue mgongo unaanzia wapi, kiuno kinaishia wapi.
Mimi naliona kama kanga
iliyotoka kiwandani mapema:
pindo lipo, mji upo,
jina ndilo bado.

Kazi yangu ni kuliacha lichomwe.
Vioo juu, milango kufuli, masaa manne juani.
Kisha niingie, niketi, nisigune,
niwashe kiyoyozi, nihesabu
dakika ngapi mpaka hewa ya kichwani ishuke ishirini na tano.
Waya za vipimo zimetambaa kitini.
Moja imebandikwa pale ambapo shingo ya mtu hutokwa jasho kwanza.

Mhandisi Ryu Dong-hwa amekuja na pua yake.
Naam, pua, ndiyo anayolipwa nayo.
Ananusa dashibodi iliyoiva, anafumba macho, anaandika:
gundi, daraja la tatu; ngozi, la pili.
Jana aliniuliza kama huku kuna kipupwe.
Nikamwambia kipo, kilipita Jumanne.

Miaka minne, ananieleza, tangu mstari wa kwanza wa penseli.
Lilichongwa la udongo, ukubwa kamili,
likavunjwa, maana mtu wa fedha hakuzipenda taa.
Mengine yamegongeshwa ukutani yakiwa na wanasesere ndani;
wanasesere hao wana mbavu, hawana mama.
Ndugu yake mmoja yuko kwenye barafu, kaskazini huko,
anakohoa alfajiri huku watu wanaandika kikohozi.
Huyu wetu amepangiwa jua.

Nikashika kitasa.

Ripoti, ukurasa wa sita:
*Kitasa cha nje, kromu. Nyuzi sabini na moja. Kinaunguza.
Zayana binti Khalfan, dereva wa majaribio.*
Siku ya tisa jibu likaja kutoka makao makuu:
*Hakuna mteja aliyelalamika.*

Mteja yupi? Gari halijazaliwa!

Nikaandika tena, na safari hii sikuandika kihandisi.
Nikasema, mama yangu anakaa Khoud,
mwaka wa thelathini huu anafungua gari kwa pembe ya kanga.
Mkono mmoja kikapu cha samaki kutoka Sib,
mkono wa pili mjukuu,
pembe ya kanga ameiuma menoni mpaka afike mlangoni.
Mmepima upepo. Mmepima mlio wa mlango ukifungwa,
uwe mzito, uwe wa kitajiri.
Kiganja hamkukipima.

Ryu akasoma kabla sijatuma.
Akatoka nje bila glavu.
Nikamwona kupitia kioo cha kibanda:
amekishika kitasa, midomo inahesabu.
Hakufika tatu.
Akarudi, akafungua daftari lake la harufu,
akaandika kitu chini kabisa, akaufunika ukurasa.

Miaka miwili baadaye, Maskati, ukumbi wa Ghala.
Karatasi imebanduliwa, jina limepatikana,
jina la upepo wa nchi nisiyoijua.
Juisi, tende, kijana wa mauzo mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikakata.
Ya kujaribia yamepangwa nje, juani.
"Hili la bei ya juu, vitasa vya kromu," anasema.
"La bei ya chini, samahani, plastiki tu."

Mama hakumsikiliza.
Pembe ya kanga menoni, kwa mazoea,
akalipita lile la kromu,
akashika plastiki kwa kiganja kitupu.
Akangoja kuungua.
Akaitema kanga.
"Hili," akasema, "limetengenezwa na mtu aliyewahi kufungua mlango."

Nilitaka kumwambia.
Lakini kijana alikwisha nishika mimi,
ananifafanulia, taratibu, kama mtoto wa chuoni,
kiyoyozi ni nini,
na kinachukua dakika ngapi.
Alikosea kwa mbili.
Nikaitikia kwa kichwa.