Jicho la Tatu Kutoka Kushoto

Gari lililetwa Kizota saa mbili asubuhi,
vumbi la Ihumwa limelilalia kama poda ya mtoto,
na mwenyewe, Bwana Chidawali wa mambo ya ardhi, akasema:
"Nikitia rivasi linalia mlio mmoja mrefu, kisha kimya.
Juzi nimegonga mzabibu wa mke wangu.
Mzabibu nimesamehewa. Nguzo yake bado."

Mlio mmoja mrefu si onyo.
Ni mfumo unaofanya sensa ya sensa zake,
na nyumba moja haijaitikia hodi.

Nikawasha swichi, nikatia rivasi, breki ya mkono juu.
Nyemo akapiga magoti nyuma ya bampa.
"Usitazame," nikamwambia. "Sikiliza."
Jicho zima hutatarika kidogo sana,
kama mdudu ndani ya gunia la karanga.
La kwanza: lipo. La pili: lipo.
La tatu — ukapita upepo wa Agosti, na mabati yake,
tukasubiri utulie —
la tatu: hamna kitu.
La nne lipo.

Tukafuta vumbi. Hamna kitu.
Tukakwangua rangi, maana gari lilipakwa upya,
na rangi nene huota juu ya sensa kama mtoto wa jicho.
Hamna kitu.
Basi tukayahamisha, la tatu kwa la nne, la nne kwa la tatu,
na hapo ndipo ufundi wote ulipo:
ugonjwa ukihama na jicho, jicho ndilo bovu;
ukibaki palepale, usilionee jicho.

Ukabaki palepale.

Tukaufuata waya hadi chini ya zulia la buti,
kando ya tairi la akiba.
Kiungo kimeota kutu ya kijani,
kimefungwa utepe mwekundu wa umeme,
mizunguko mitatu, ncha imekunjwa kwa ndani.

Dodoma nzima hakuna mwingine anayekunja ncha hivyo.

Miaka sita. Gari lilikuwa jeupe, la mtu mwingine.
Jioni, nina haraka, solda imeisha,
nikasema moyoni: itashika.
Na ilishika, si haba.

Neno lilikuwa tayari mdomoni: panya.
Panya wa mji huu wamebeba kesi nyingi za mafundi.
Bwana Chidawali ameinama, anangoja jina la mkosaji.
Nyemo anaitazama ile ncha.
Nilimfundisha mimi kukunja vile,
wiki yake ya kwanza.

"Huu mkono wangu," nikasema.

Akanitazama, akautazama utepe.
Akauliza kitu kimoja tu: "Solda leo ipo?"

Ilikuwepo.

Saa tano Nyemo alirudisha gari nyuma kuelekea pipa la maji:
ti, kimya, ti, kimya, ti ti, tititi,
mpaka mlio ukashikana, akakanyaga breki.
Nikapitisha kiganja kati ya bampa na pipa.
Kikapita kwa shida, kikatoka na vumbi.