Korongo Aliyepungua

Mjohoro ulianguka usiku wa masika,
ukalalia ukuta wa Bi Mwasiti, Tabata Kimanga,
kama mlevi aliyekosea nyumba.
Matawi waliyagawana wachoma mkaa.
Kigogo kikabaki uani kwangu,
kimo cha mtoto wa darasa la pili,
nikakitazama wiki tatu
kabla sijamwambia mke wangu:
humu ndani amesimama korongo.

Akaniuliza kama nimekula.

Mimi si fundi. Jumatatu hadi Jumamosi
nahesabu mifuko ya saruji Kurasini,
iliyoingia, iliyotoka, iliyochanika njiani.
Chenso nimeazima kwa binamu yangu Kisaka,
mkata matawi yanayogusa nyaya za umeme.
Aliniambia mambo matatu.
Usikate kwa ncha, itakurukia usoni.
Usikate ukiwa umechoka.
La tatu nililisahau kabla hajafika kituoni.

Jumapili, misa ya pili ikishatoka,
navuta kamba. Inakohoa.
Navuta, inakohoa.
Mara ya nne inanguruma, na mtaa mzima unajua
karani wa saruji ameanza wazimu wake.
Petroli, utomvu, jasho machoni.
Usiku mikono bado inatetemeka,
kijiko kinagonga bakuli la uji
na hakuna anayecheka ila mimi.

Shingo ilitoka vizuri. Nasema kweli,
kwa nusu saa nilikuwa na shingo ya korongo
iliyopinda kwa maringo yake yote.
Kisha nikaufuata mdomo,
nikapitisha mnyororo mahali pasipostahili,
mdomo ukaruka
ukatua kwenye beseni la nguo zilizokwisha kusuuzwa.
Ndipo nikalikumbuka la tatu:
mti una nyuzi zake, usizikate kiholela.

Korongo bila mdomo nikamfanya tai.
Tai akapasuka bawa Jumapili iliyofuata,
nikamfanya kanga.
Kanga kichwa kikamzidi mwili,
nikapunguza, nikapunguza tena,
maana kupunguza kuna utamu wake,
kama kukwangua ukoko wa wali,
huachi mpaka usikie sufuria inalia.

Ukutani, kosa hufichwa kwa lipu.
Hilo nalijua, ndilo linalonilisha.
Kosa la gogo halina lipu.
Unakata zaidi,
unaliomba radhi kwa umbo dogo kuliko lile uliloahidi.

Mwanangu Tumsifu, muhogo mkononi, akasimama mlangoni:
"Baba, huyo ni kuku au ni buli?"

Bi Mwasiti naye akaja, khanga kiunoni.
Nikajua ni kelele, nikazima mashine,
nikatayarisha maneno ya mjumbe.
Kumbe ameshika gunia tupu.
"Hayo maranda unayatupa? Vifaranga wangu mia mbili
wanalala kwenye sakafu kama wafungwa."
Nikamchagulia makavu, yasiyogusa mafuta.
Akajaza gunia moja, akarudi na la pili,
na ndege wangu hakumtupia hata jicho.

Leo petroli imeisha,
basi tuseme nimemaliza.
Kunguru akatua, yule yule wa methali,
mwoga anayekimbiza ubawa wake,
akasimama juu ya kichwa nilichokitolea Jumapili saba,
akageuka kushoto, akageuka kulia,
akanya, akaruka.
Sijawahi kupata sifa kubwa zaidi.

Sasa ni usiku, umeme umekatika.
Kwenye tundu la ukuta lililoachwa na mjohoro
nawasikia vifaranga wakisukumana,
wakitafuta pa kuzamisha miguu.
Wamelalia shingo, bawa, na yale maringo:
korongo mzima yuko kule,
anapumua mara mia mbili.
Huku kwangu kimebaki tu
kile alichokisahau.