Skrubu Kumi na Tisa

Kipimo changu cha kwanza kilikuwa na skrubu kumi na tisa.
Nilizihesabu kwa fahari, kama mwenye shamba na pishi zake.
Nilikichora Wete, Utaani, juu ya meza ya kulia:
kisanduku cha kupimia unyevu wa karafuu
zikiwa bado jamvini.
Unachomeka ncha, unasubiri, nambari inakwambia
anua,
au ziache zipigwe jua tena.

Kwenye karatasi kila kitu kilikaa.
Karatasi haina vidole.

Mize Shaame ana vidole.
Yeye na wenzake watatu, chumba cha nyuma ya duka la mafuta ya taa,
ndio waunganishaji wangu.
"Kaa," akasema. "Kiunge wewe, mimi nikutazame."

Skrubu ya saba ilijificha chini ya betri.
Ya kumi na moja ilitaka bisibisi nyingine.
Waya mwekundu na mweusi zilikuwa na vichwa sawa,
pacha wasio na adabu;
nikazigeuza, saketi ikafuka moshi.
Dakika arubaini na mbili. Mize alikwishamenya muhogo wote.
Hakucheka. Afadhali angecheka.
"Umechora kitu cha kutazamwa," alisema,
akavuta mbuzi ya nazi uvunguni,
akaikunja, akaikunjua:
mbao zimepishana, msumari mmoja, ulimi wa chuma.
"Hii naifungua hata na usingizi wangu."

Nikarudi mezani kufuta.
Saketi mbili nikazifanya moja.
Pembeni nikatia kikucha cha plastiki
kinachosema ta! kikishika.
Plagi nikaikata bega moja, isiingie
ila kwa upande wake,
kama kiatu cha kushoto.
Wiki tatu niliota matundu na kona.

Vuli ile umeme ulikatika tukiwa kazini.
Niliinuka kutafuta tochi.
Gizani nikasikia: ta. Kimya. Ta. Ta.
Nukta ya kijani ikawaka kiganjani mwa Mize.
Akaibana ncha kwa vidole, akasoma nambari.
"Kumbe mimi bado mbichi," akasema.

Skrubu moja nimeiacha, mgongoni, mahali pa wazi.
Mwenye fedha, kutoka Unguja, anapiga simu:
gundi ni rahisi zaidi.
Ni rahisi, namwambia.
Lakini ipo siku kitanyeshewa shambani huko Konde,
na mtu atakikalia na kisu cha jikoni
akitaka kujua kina nini.
Sitaki aanze kwa kuvunja.